Betri Zilizoanikwa Juani

Haya ni kweli tupu. Sijatia chumvi, na hata ningetaka kutia, daktari amenikataza chumvi ya kila aina tangu presha inipande. Naapa kwa pensheni yangu, maana nyumbani kwangu hakijabaki kitu kingine cha kuapia: jirani yangu fundi makochi ndiye mpiga dramu mwenye kasi kuliko binadamu yeyote aliye hai, na yaliyompata yalimpata hivi hivi nitakavyoyaeleza. Asiyeamini aje agonge mlango wangu. Agonge kwa nguvu lakini, masikio yangu alishayamaliza yeye.

Mtaani anaitwa Fundi, basi. Nyumba yake na yangu zimegawana ukuta mmoja, ukuta wenyewe mwembamba kiasi kwamba mkewe akipiga chafya, leso naitafuta mimi. Kwa hiyo mambo yao nayajua bila kuchungulia. Mbele ana kibanda cha kazi, kimejaa makochi yaliyopasuliwa matumbo, sponji, springi na vitambaa. Sebuleni mkewe hushona sare za shule kwa cherehani ya miguu. Nyuma, palipotakiwa kuwa stoo, pana dramu.

Msidhani nasema dramu za harusini. Huyu mtu hupiga metali, muziki wa magitaa ya kelele, tena ile kali ya mwisho kabisa, ambayo mwimbaji hunguruma kama anasukutua changarawe na dramu kubwa, ipigwayo kwa pedali za miguu yote miwili, hukimbia mpaka usijue pigo hili limeishia wapi na lile limeanzia wapi. Hakufundishwa na mtu. Ujanani shemeji yake alihama akamwachia kanda moja, na Fundi akaunda redio kaseti ya kuichezea kwa mota aliyoichomoa kwenye mashine nyingine. Betri mpya hakuwa na uwezo nazo. Alikuwa anaokota zilizokwisha, anazianika juani juu ya bati, zinapata nguvu za kuazima. Basi wimbo ulianza kwa kasi ya kichaa, kwa sababu mota ile haikuwa ya pale, na kabla haujafika mwisho betri zilishaanza kuburuta miguu. Kanda ya pili ya kulinganisha hakuwa nayo. Akaamini ndivyo muziki ule ulivyotungwa: uanze kama mtu anayekimbizwa, uishe kama mtu anayerudi kutoka kazini.

Akajifunza hivyo hivyo, kwa vijiti viwili vya mti na mito ya makochi ya wateja. Wateja walilalamika kwamba kochi jipya linakuja nyumbani likiwa limeshakaliwa na ukoo mzima.

Miaka mingi baadaye alipata bendi. Kiongozi wake ni kijana mmoja wa gitaa ambaye ndiye pia mngurumaji, tunamwita Mkwaruzo. Mchana Mkwaruzo hupokea simu kwenye kampuni ya maji, kwa sauti ya upole hata waliokatiwa maji humshukuru. Siku moja alimsikilizisha Fundi wimbo ule ule wa kwenye kanda kutoka kwenye simu yake, kwa kasi yake ya kweli. Fundi akasikiliza hadi mwisho, akarudisha simu.

"Hawa wameuharibu," alisema.

Hakubadilika. Na Mkwaruzo, kwa kuwa hakukuwa na mpigaji mwingine, alizoea kumfuata.

*

Goti lilianza kusumbua pole pole. Mwanzoni lilikuwa likiuma akishuka ngazi, baadaye akipanda, na mwishowe likawa linauma hata akiwa amekaa tu anamwangalia mkewe akishona. Daktari alilibonyeza, akalikunja, akamwambia kwamba miguu yake aitumie kutembelea tu, na hata huko kutembea asijionyeshe.

"Unyooshe," mkewe alimwambia jioni moja, kitambaa cha moto mkononi.

"Hautaki."

"Hautaki! Mguu wako mwenyewe unauzungumzia kama mpangaji mkorofi."

Akamkanda. Fundi akauma meno. Halafu akasema, haraka haraka, kama mtu anayerusha kitu na kukimbia, "Injinia wa studio amekubali kuturekodi. Albamu nzima."

Mkono wa mke ukasimama. "Kwa malipo gani?"

"Hataki pesa."

"Asiyetaka pesa ndiye wa kuogopa. Anataka nini?"

"Nimvalishe studio. Kuta zote ziwe na sponji, sauti za nje zisiingie. Na makochi ya wageni."

"Sponji ya nani?"

Fundi aliangalia goti lake.

"Baba, nakuuliza. Sponji ya nani?"

"Ile iliyoko kibandani."

"Ile ndiyo mtaji wetu wa msimu mzima! Watu wameweka oda, utawakalisha kwenye nini? Kwenye kelele zako?"

Fundi hakujitetea. Akamweleza jambo moja tu. Amepiga dramu tangu hajaota ndevu. Amepiga kwenye mahafali wakazima umeme ili anyamaze, amepiga kwenye uzinduzi wa duka la simu mwenye duka akampa kofia na kumwomba aondoke. Kila alichowahi kupiga kiliishia pale pale kilipopigwa. Hakuna mahali popote, iwe kanda au simu ya mtu, palipohifadhiwa pigo lake hata moja. Goti likifa kabla ya kurekodi, atakuwa sawa na mtu ambaye hakuwahi kushika vijiti.

"Nataka libaki hata moja, Mama. Binti yetu akiulizwa baba yako alikuwa nani, aseme sikilizeni huyu."

Mkewe alikikamua kitambaa kwa nguvu kuliko kilivyohitaji.

"Muziki wako siupendi," alisema. "Sijawahi kuupenda, na sitaupenda leo kwa sababu ya goti."

"Najua."

"Chukua hiyo sponji. Ila wateja wakija kufoka, utatoka wewe. Mimi nitasema nimeolewa jana."

*

Fundi aliivalisha ile studio kama anayemvalisha bibi harusi. Alikata sponji kwa kisu cha kunoa kila saa, akapaka gundi, akapigilia pini, akaziba kila pembe. Mashine ya kusaga ya jirani wa studio iliyokuwa ikisikika mle ndani ikawa kama inasagia mji mwingine. Nyumbani wateja walikuja wakafoka, na mke, pamoja na maneno yake yote, ndiye aliyetoka kuwapoza.

Siku ya kurekodi Fundi alikodi mkokoteni, akapakia dramu na matoazi, akausindikiza kwa kuchechemea. Mlangoni alikutana na Injinia, kijana mwenye vipokea sauti vilivyomkaa shingoni kama kola ya pili.

"Mzee, hivyo vyombo unavipeleka wapi?"

"Si leo ndiyo tunarekodi?"

"Ndiyo, gitaa na sauti." Injinia alimtazama Mkwaruzo. "Hujamwambia?"

Mkwaruzo alikuwa anafungua nyuzi za gitaa ambazo alikuwa ametoka kuzifunga.

"Mzee wangu," Injinia akasema, "niliwasikiliza siku ile mkifanya mazoezi, nikakupima. Wewe unaanza na kasi moja unamaliza na nyingine. Kila wimbo! Kompyuta inashindwa kukufuata."

"Isinifuate. Nani kaialika?"

"Sikiliza. Dramu nimeshazitengeneza kwenye kompyuta. Zimenyooka kama rula. Na jina lako litaandikwa vile vile. Mpiga dramu, Fundi. Nani atajua?"

Fundi akamgeukia Mkwaruzo. Kijana akakohoa, na ilipotoka, sauti haikuwa ile ya kunguruma. Ilikuwa ile ya kazini.

"Mzee Fundi, tunathamini sana mchango wako, na tunaomba radhi kwa usumbufu wowote..."

"Unanikatia maji?"

Mkwaruzo akainamisha kichwa. Injinia akamkaribisha Fundi kwenye kochi, akampa soda. Fundi akakaa juu ya mto alioushona mwenyewe, ndani ya ukimya alioutengeneza kwa sponji yake mwenyewe, akasikiliza dramu ambazo hakuzipiga. Zilikuwa kasi. Zilikuwa safi. Hazikukosea popote.

"Halafu Mzee," Injinia akasema alipomwona anainuka, "kabla hujaondoka, lile kochi la pembeni linalia mtu akikaa. Hebu tuangalizie."

Fundi angeweza kukataa. Wapo watakaouliza kwa nini hakukataa. Hao hawajawahi kuishi kwa kutegemea kazi inayofuata. Alipiga magoti, lile zima na lile bovu, akaingiza mkono chini ya kochi na kukaza springi. Alipoinuka alijishika ukutani, sponji ikadidimia, ikabaki na alama ya mkono wake kwa muda kabla ya kujaa tena.

*

Nyumbani alisema mambo yamekwenda vizuri. Alisema kwa ufupi, akaingia kulala na viatu.

Rekodi ilipokamilika Mkwaruzo alimtumia kwenye simu. Binti yao, ambaye huuza dawa kwenye duka la barabara kuu na siku hiyo alikuwa hana zamu, ndiye aliyeifungua sebuleni, sauti hadi mwisho.

"Baba! Ndiyo wewe huyu? Mbona umetulia hivi! Hukosei hata kidogo!"

"Ndiyo mimi," Fundi akasema.

Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anapinda sketi ya shule. Miguu yake ilikwenda na muziki, kama ilivyozoea, sindano ikikimbia juu ya kitambaa. Akapinda hadi mwisho wa pindo. Akasimama, ameinamisha sikio.

"Rudisha mwanzo."

Binti akarudisha. Mama akachukua sketi nyingine, akaanza tena pamoja na dramu, akafika tena mwisho wa pindo. Akaondoa miguu kwenye pedali.

"Huyu nani?"

"Nimesema ni mimi."

"Huyu si wewe."

"Umeanza lini kuijua metali?"

"Metali siijui. Mimi nashona kwa miguu yako, Baba. Miaka yote hii. Ukianza kule nyuma na mimi naanza pindo hapa, nakimbia nawe. Ukianza kushuka najua pindo linaisha, naanza kutazama mkasi. Huyu nimemaliza pindo, nimemaliza na uzi, bado anakimbia tu." Akakata uzi kwa meno. "Huyu hachoki. Mtu gani asiyechoka?"

Binti akazima simu bila kuambiwa. Fundi alikaa akiwa ameshika goti kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani.

"Ni kompyuta," alisema hatimaye.

"Na jina?"

"Wameandika langu."

"Na sponji yetu?"

"Iko ukutani kwao."

Mama akajipangusa nyuzi mapajani, akaenda kwenye kisanduku cha zana na kutoka na koleo mbili.

"Vaa viatu," akasema.

"Nimevaa."

"Basi twende."

*

Injinia alipofika studioni, ameongozana na bibi mmoja aliyekuja kurekodi tangazo la sabuni, alikuta ukuta mmoja umeshavuliwa. Fundi anang'oa pini, mkewe anakunja sponji na kuzifunga kwa kamba. Msafishaji aliyewafungulia alikuwa ameketi kwenye kochi la wageni, akiwaangalia kama sinema. Mashine ya kusaga ilikuwa imerudi mjini.

"Mama, mnafanya nini?"

"Tunachukua sponji yetu."

"Tulipatana!"

"Mlipatana arekodiwe. Amerekodiwa? Una kompyuta, mwanangu. Iambie ikutengenezee na sponji."

Bibi wa sabuni akacheka, akajaribu kusoma tangazo lake. Mashine ya kusaga ikammeza kwenye neno la kwanza. Akamtazama Injinia. Injinia akautazama ukuta ulio uchi, akatazama marobota mlangoni, akakuna shingo chini ya vipokea sauti.

"Wimbo mmoja," alisema. "Atapiga mara moja tu. Akikosea, amekosea."

"Akichoka?" mama akauliza.

"Achoke tu, Mama. Nirudishieni ukuta wangu."

Wakaurudisha. Bibi akasoma sabuni yake. Mkwaruzo akapigiwa simu kazini, akaomba ruhusa kwa sauti ya upole, akaja mbio na gitaa. Mkokoteni ukakodiwa tena. Fundi akapanga dramu zake, akajipapasa goti, akakaa.

Na hapo, wapenzi wasomaji, ndipo dunia iliposimama. Pigo la kwanza lilizima taa za mtaa mzima. La pili lilizirudisha. Kompyuta ikaanza kutoa moshi kwa aibu, Injinia akajitupa sakafuni akilia kama mtoto, vioo vikapasuka hadi ng'ambo ya barabara, na watu wakajaa nje wakiliimba jina la Fundi. Yeye akapiga bila kupunguza, kasi juu ya kasi, na lile goti likapona pale pale! Akainuka, akaruka, aka—

"Wewe mzee!"

Hapo ndipo nilipokatizwa. Karatasi hizi nilikuwa nawasomea wateja waliokuwa wakisubiri makochi yao kibandani kwa Fundi, na mkewe alikuwa ametoka sebuleni, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, hata sikumsikia.

"Ulikuwepo?" akaniuliza.

"Kwa mwili, hapana."

"Huo mwili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Umelala."

Wateja wakaangua kicheko. Mama mmoja mwenye kochi la bluu alicheka hadi akashika nguzo.

"Huko kote umesema vizuri, nimekusikia kupitia dirishani," mkewe Fundi akasema. "Ukafika penyewe ukatuharibia. Shika kalamu. Andika kama ninavyosema, na usiongeze."

Basi naandika kama alivyosema.

Taa hazikuzimika. Sakafu ya studio ni ya vigae, inateleza, na Fundi alipojaribu mguu, dramu kubwa ya chini ikawa inamkimbia kila inapopigwa. Akaivuta, ikamkimbia tena. Injinia akatazama saa. Mkewe akaona hapana mwingine, akakaa chini sakafuni, akaegemeza mgongo kwenye dramu, miguu akaikaza ukutani, akasema, "Haya, piga."

Akapiga. Alianza kwa kasi yake ile, na mama mgongoni alihisi kama anapigwa na mvua ya mawe. Katikati ya wimbo goti lilikamata. Mama alijua kabla ya mtu yeyote, kwa sababu mapigo ya mguu wa kulia yalianza kumkosa mgongoni, yakabaki ya kushoto peke yake. Fundi akaanza kushuka mapema kuliko alivyowahi kushuka, akashuka kupita hata betri za ujanani mwake. Mkwaruzo akasita. Akamtazama Injinia nyuma ya kioo, Injinia akamwonyesha kwa mkono: endelea. Kijana akafumba macho, akamfuata Fundi huko chini, akiunyoosha mngurumo wake hadi ukawa kama mtu anayeguna usingizini. Mwishoni mapigo yalikuwa mbali mbali, kila moja ungedhani ndilo la mwisho. Halafu moja likawa la mwisho kweli. Mama akakohoa vumbi la sponji.

Hakuna aliyelia. Fundi alishindwa kuinuka, ikabidi Mkwaruzo na Injinia wamshike kila mmoja upande wake.

"Mama, umekohoa," Injinia akasema baadaye. "Imeingia."

"Iache hapo hapo," Fundi akasema.

Ndiyo wimbo wa mwisho kwenye albamu. Nyingine zote ni kompyuta. Binti akiulizwa, huruka zote anakwenda kwenye huo.

"Na goti?" mwenye kochi la bluu akauliza.

"La kulia limestaafu," Fundi akajibu kutoka nyuma ya nyumba, bila kutokeza. "Daktari kaniachia la kushoto, mara moja kwa wiki. Najifunza upya."

"Mara moja yenyewe ni leo," mkewe akasema, na akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda. "Na huko stoo, tangu mguu wa kulia uache kuikaza, dramu inateleza vile vile juu ya saruji. Mgongo wangu haujarudi sawa tangu siku ile. Sasa wewe umetudanganyia wateja, Jirani. Tukutoze nini?"

"Soda za wote," nikasema haraka.

"Soda ni rahisi!" akadakia mwenye kochi la bluu. "Akashike dramu!"

Wateja wakapiga makofi. Nikataja presha. Nikataja umri, na miwani, na pensheni niliyoiapia. Mkewe Fundi akanipokonya karatasi kwa adabu, akaniongoza hadi stoo, akaniketisha chini kwenye gunia, mgongo kwenye ngozi ya dramu kubwa, nyayo ukutani.

"Sogea katikati," akasema. "Hapo. Usipinde shingo."

Nyuma yangu kiti kililia. Nikasikia Fundi akishusha pumzi, akiutafuta mguu wa kushoto kama mtu anayetafuta ndara gizani.

"Uko tayari, Jirani?"

Nikamjibu niko tayari, na huo nao ulikuwa uongo.